London, Leipzig au Utrecht: wiki chache za Ulaya uzitumie wapi?

Mtoto wa mama mdogo kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Yuko mwaka wa pili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anasoma uchumi, na mjomba wetu wa Nachingwea, ambaye korosho zimemwendea vizuri msimu huu, kaahidi kumlipia kozi fupi ya Ulaya wakati wa majira yao ya joto. Keshachuja vyuo hadi vimebaki vitatu: LSE ya London (chuo cha uchumi na sayansi ya siasa), kozi ya Kijerumani ya Chuo Kikuu cha Leipzig, na Utrecht Summer School ya Uholanzi. "Dada, wewe ulishaenda. Niambie tu ipi nzuri."

Hapo ni kama kuulizwa nguo ipi nzuri na mtu ambaye hajasema kama anakwenda harusini au msibani. Basi nikaona niandike, maana najua si yeye peke yake anayeuliza. Mimi nilikwenda Leipzig mwaka 2023, wiki nne. Mwenzangu wa chumba hosteli alikwenda London mwaka huohuo, na mdogo wangu wa kiume akaenda Utrecht mwaka uliofuata, wiki mbili. Kwa hiyo ya Leipzig nimeyaona kwa macho yangu, ya London na Utrecht nimesimuliwa mpaka nayajua kama yangu.

Kabla ya kuangalia picha za majengo, fungua kalenda. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. LSE wana vipindi vitatu vya wiki tatu tatu kati ya Juni na Agosti, na kipindi cha kwanza kinaanza wakati wenzako wa Mlimani bado wanakimbizana na mitihani ya semista ya pili. Ukimaliza mitihani kuna fildi, yale mafunzo ya kazini, na fildi haikusubiri eti kwa sababu uko London. Utrecht ni rahisi zaidi kupachika, kwa kuwa kozi zao za Julai na Agosti nyingi ni za wiki moja au mbili. Wajerumani nao wanamaliza mihadhara katikati ya Julai, hivyo kozi zao za lugha hujaa Agosti na Septemba. Mimi niliongea na msimamizi wa fildi mapema, akaniruhusu nianze nikirudi, nikafidia siku zilizopungua. Hakukubali siku hiyohiyo. Nilirudi ofisini kwake mara tatu. Anza na mtu huyo kabla hujaanza na ubalozi.

Viza ndiyo inayofuata, na hapo vyuo vitatu vinageuka kuwa viwili, kwa sababu Leipzig na Utrecht zinaingia kwa viza moja ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na London ina ya kwake. Ya Schengen ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, unaruhusiwa kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na usichelewe kupita siku kumi na tano kabla. Majibu yanatakiwa kutoka ndani ya siku kumi na tano, ila wakitaka kuchunguza zaidi zinaweza kufika arobaini na tano. Lazima uwe na bima ya safari inayolipa matibabu ya angalau euro 30,000. Ya Uingereza unaomba viza ya kawaida ya mgeni, ambayo inakuruhusu kusoma kwa muda usiozidi miezi sita kwenye chuo kinachotambulika. Ada yake ilipanda hadi pauni 127 Aprili 2025 na kwa kawaida majibu huchukua wiki tatu hivi. Zote mbili, ukinyimwa, hela hairudi.

Sasa sikiliza tofauti ambayo haiandikwi kwenye vipeperushi. Ukiwa na viza ya Schengen, mwishoni mwa wiki unaamka, unapanda treni, unakula chakula cha mchana nchi nyingine. Kutoka Leipzig mimi nilikwenda Praha, Ucheki, kupitia Dresden na hakuna aliyenisimamisha. Mwenzangu wa London alikaa wiki tatu akiiona Paris kwenye mabango ya stesheni ya St Pancras. Treni ipo, safari ni saa mbili na kitu, lakini viza ya Uingereza haimfikishi huko. Kama ndoto yako ni kuona "Ulaya" kwa maana ya nchi tatu nne, London inakupa nchi moja.

Jambo moja kwa wote: anayekagua fomu yako anataka kujua utarudi. Barua ya chuo inayosema semista inaanza tarehe fulani na wewe ni mwanafunzi halali ina nguvu kuliko salio la mjomba. Salio la mjomba nalo lipeleke, pamoja na barua yake ya kukufadhili na karatasi za mauzo ya korosho. Hela iliyoingia benki juzi kwa mkupuo bila maelezo inatia shaka. Mwenzangu mmoja, wa chuo kingine, alikataliwa kwa sababu hiyohiyo. Ada ya kozi alirudishiwa nusu tu. Soma masharti ya kurudishiwa ada kabla hujalipa.

Tuingie kwenye hela yenyewe. LSE ni ghali, na sitaki kuizungukia. Kozi moja ya wiki tatu ada yake inapita pauni 2,000, kitanda hakimo, chakula hakimo. London kitanda ndicho kinachokumaliza. Mwenzangu alikaa kwenye bweni ambalo wanafunzi wa mwaka mzima wameliacha kwa likizo, akipika mwenyewe, na bado alisema kila akifungua mlango hela inatoka. Kilichomwokoa ni basi: nauli ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unabadilisha mabasi bila kulipa tena. Treni za chini ya ardhi alizipanda siku za mvua tu.

Kozi za Kijerumani nilizokuwa nazilinganisha mimi, ada zilikuwa mamia ya euro, si maelfu, kwa wiki tatu au nne. Chakula cha mchana tulikula Mensa, kantini ya wanafunzi, sahani imejaa kwa bei ya kumwonea mtu huruma. Usafiri nilikata Deutschlandticket, tiketi ya mwezi mzima inayokupandisha tramu, mabasi na treni za mikoani Ujerumani nzima, ila si treni za kasi. Mwaka ule ilikuwa euro 49. Tangu Januari 2026 ni 63. Angalizo: inauzwa kwa kujiandikisha, inajirudia kila mwezi, na usipoikatisha kabla ya tarehe 10 unalipishwa mwezi unaofuata ukiwa tayari uko Ubungo. Nimelipa hiyo. Halafu usitupe chupa: chupa ya plastiki na kopo zina senti 25 za amana, unazirudisha kwenye mashine dukani unapewa risiti ya kununulia. Wiki ya mwisho mkate wangu wote ulitokana na chupa.

Utrecht iko katikati. Kozi ni fupi, hivyo jumla inapungua, ingawa ukigawanya kwa siku unaona Uholanzi si mahali pa bei rahisi. Malazi unayaomba pamoja na kozi na yanaisha haraka. Mdogo wangu alichelewa akapangiwa nyumba nje ya mji, na ndipo baiskeli ikaingia kwenye maisha yake. Amekulia kwenye Phoenix, akadhani anajua. Ile ya kukodi haikuwa na breki mkononi. Unarudisha pedali nyuma ndiyo inasimama. Alisimamia kwenye ukingo wa mfereji wa Oudegracht, hatua mbili kutoka majini, mbele ya watu wanaokunywa kahawa. Mji huo chini ya stesheni kuu una maegesho ya baiskeli 12,500. Usiende Utrecht kama hutaki baiskeli.

Darasani ndiko tofauti ilipo kubwa kuliko zote.

LSE wanabana kozi ya muhula katika wiki tatu. Mhadhara kila siku, kisha madarasa madogo ya mjadala, kazi za nyumbani, na mtihani wa maandishi siku za mwisho. Mwenzangu alichukua ekonometriki. Anasema mto Thames aliuona mchana mara nne. Alitoka na matokeo mazuri kwenye karatasi rasmi, na karatasi hiyo aliitumia alipoomba shahada ya uzamili; mimi nilimsaidia kuandika barua ile na najua ilibeba uzito. Lakini chuo chako cha nyumbani kikubali au kisikubali kuhesabu kozi hiyo, hilo linaamuliwa Mlimani, si London. Uliza idara kabla, upate jibu kwa maandishi. Na kama kozi unayoitaka inafundishwa hapohapo Mlimani na mwalimu unayemwelewa, ya nini kuivukia bahari?

Leipzig asubuhi ni lugha, kwa muda wa saa tatu au nne, kikundi kidogo, Mkorea kushoto na Mbrazili kulia, wote mnachekeana makosa. Mchana uko huru. Hapo ndipo kozi ya kweli inapoanzia. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1409, kina taasisi ya masomo ya Afrika na wanafundisha Kiswahili. Nilibandika karatasi ubaoni kwao: nafundisha Kiswahili, nataka Kijerumani. Ndani ya siku mbili nikapata mwenzangu. Tulikuwa tunakaa ufukweni mwa ziwa la Cospuden, ambalo zamani lilikuwa shimo la machimbo ya makaa likajazwa maji, nusu saa lugha yake, nusu saa yangu. Yeye analia na ngeli, mimi nalia na der, die, das. Aliniuliza kwa nini kitabu ni ki-vi na kijana naye anaanza na ki lakini anakwenda a-wa. Nikamwambia, nawe nieleze kwa nini msichana kwa Kijerumani si mwanamke wala mwanamume. Kimya. Kijerumani changu kilipanda pale ziwani kuliko darasani.

Ila nisikudanganye: nilikwenda nikiwa na kiwango cha kati, nimekisotea Goethe-Institut ya Upanga, Dar, jioni jioni kwa zaidi ya mwaka, bumu lote likiishia huko. Ukienda Leipzig hujui hata kusalimia, wiki nne zitakufundisha kile ambacho ungefundishwa Upanga bila viza wala ndege. Pia kuna ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi, kwa ajili ya kozi hizi za majira ya joto vyuoni, unaolipa sehemu kubwa ya gharama, lakini wanataka uwe tayari na Kijerumani, na maombi yake hufungwa mwishoni mwa mwaka unaotangulia. Kwa mwaka huu basi hilo limeondoka.

Utrecht wana orodha ndefu ajabu, kuanzia takwimu na uchambuzi wa data hadi sheria na historia ya sanaa. Ni kozi za ufundi zaidi kuliko nadharia: unaingia na tatizo, unatoka na kitu ulichotengeneza. Wanatoa alama za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kuhesabu masomo, lakini kwa wiki moja au mbili alama hizo ni chache, kwa hiyo usizitegemee kupunguza mzigo wako wa mwaka wa tatu. Mdogo wangu alijifunza programu ya takwimu aliyoitumia kwenye utafiti wake wa mwisho, na hiyo ndiyo faida anayoitaja hadi leo, baada ya baiskeli.

Kuna jambo ambalo sikuliwaza nikiwa Dar, nalo ni kwamba sisi tunakuta vitu vyetu huko. London, ukisoma historia, Kew kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kadi ya msomaji ni bure, na mafaili ya utawala wa kikoloni yamo humo. SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, wana miswada ya Kiswahili iliyokusanywa Lamu na Mombasa ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuiona angalau mara moja. LSE kwenyewe Jomo Kenyatta alisomea anthropolojia miaka ya 1930. Kama masomo yako yanagusa nyaraka, London haina mpinzani hapa, na wiki tatu hazitoshi.

Leipzig nilikutana na Kilimanjaro. Hans Meyer, yule aliyefika kileleni Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mtu wa Leipzig, wa familia ya wachapishaji. Alishuka na jiwe la kileleni, kipande akampa Kaisari. Nimesimama Leipzig nikisoma habari za mlima ninaouona kutoka dirishani kwa shangazi Moshi, na sikujua nicheke au ninune. Halafu kuna mitaa ya maghorofa ya Grünau: nilisimama nikadhani niko kwenye maghorofa ya Michenzani, Unguja. Si bure, maana baada ya Zanzibar kuitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, wahandisi wao walikwenda huko kusaidia kuyajenga.

Berlin ni saa moja na robo kwa treni ya kasi, ndefu zaidi kwa tiketi yangu ya bei rahisi. Kwenye Museum für Naturkunde, makumbusho yao ya viumbe na mambo ya asili, kuna mifupa ya dinosaria yenye urefu wa mita 13.27 kwenda juu, iliyochimbuliwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mwana wa Lindi kabisa, kama mjomba. Mtaa wa Wedding nao nilipopita bado palikuwa na barabara ya Petersallee, jina lenye kivuli cha Carl Peters. Agosti 2024 sehemu yake ikaitwa Maji-Maji-Allee. Nenda ukapige picha kibao hicho umtumie babu.

Utrecht kwa upande huu haina mengi. Mnara wa Dom una mita 112 na mandhari yake inapendeza, Amsterdam iko chini ya nusu saa kwa treni, basi.

Chakula msihangaike nacho. London, Peckham kuna unga wa kila aina na samaki wakavu. Leipzig, barabara ya Eisenbahnstraße ina maduka ya Waarabu na Waafrika na nyama ya halali. Utrecht mdogo wangu alikula mkate na jibini mpaka akachukia ng'ombe. Jua ndilo linalosumbua zaidi. Mwezi wa sita na wa saba London na Leipzig swala ya Magharibi huingia saa tatu usiku na ushee, Utrecht huwa karibu saa nne. Kwa anayeswali, Isha inamkuta usingizini na Alfajiri inamkuta bado hajalala. Na joto likipiga, vyumba havina feni. Sisi tunaotoka pwani tulilala chini sakafuni, Wazungu wakishangaa kwamba Mwafrika naye anaona joto. Wiki inayofuata unavaa sweta.

Haya, mdogo wangu wa Mlimani, nikupangie kwa hali yako. Kijerumani huna, kwa hiyo Leipzig mwaka huu ni kutupa hela, ingawa moyo wangu uko huko. London ningekwambia nenda kama ungekuwa mwaka wa mwisho, unaomba uzamili Uingereza, na kozi unayoitaka haipo Mlimani. Wewe uko wa pili na hujui bado kama unataka benki au utafiti. Tena London itakula ahadi yote ya mjomba kwa wiki tatu. Nakuona Utrecht: wiki mbili za takwimu mwezi Agosti, fildi unaianza mapema na kuikamilisha ukirudi, na hela inayobaki unajiandikisha Kijerumani Upanga. Kabla maombi hayajafungwa mwishoni mwa mwaka unaomba DAAD ukiwa na cheti mkononi, na ukipata, Leipzig unakwenda na mjomba hachangii zaidi ya nauli ya kwenda Airport.

Nilimrekodia haya yote kwa ufupi. Alijibu neno moja, "Baiskeli??", kisha akaomba nimweleze mjomba mimi, maana yeye mjomba ameshamtangazia kijiji kizima kuwa binti anakwenda London. Nitampigia Jumapili baada ya kanisa. Nimesikia ameanza kuulizia bei ya bati, kwa hiyo wiki nyingine isipite.